Nilichemsha Waya wa Meno, Mtoto Akaomba Msamaha

Njombe, Julai 1957

Bibi Mshauri mpendwa, kamwene, kama tusalimianavyo huku kwetu. Nakuandikia kwa sababu nimeshindwa kuamua mwenyewe, nami ni mama wa watoto wanne, mume wangu ni mzee wa kanisa, na mimi ndiye ninayewafundisha kina mama wa usharika wetu malezi na usafi, kwa hiyo nakusihi jina langu ulifiche.

Binti yangu wa tatu, nimwite Ida ingawa silo jina lake, ana miaka kumi na miwili, anasoma shule ya bweni, na meno yake ya mbele yametokeza hata midomo haifungi, wenzake wakawa wanamcheka mpaka akawa anakula amewapa mgongo, basi daktari wa meno Mzungu anayepita na gari alipofika Makambako tulimpeleka, akampima kwa nta, akamtengenezea waya wa kupita mbele ya meno, umeshikwa na kipande kigumu chekundu kinacholala kwenye kaakaa, akasema auvae likizo yote, autoe wakati wa kula tu, asitafune kitu kigumu akiwa nao, na tarehe ishirini na sita Julai tumrudishe aukaze.

Sasa Bibi, mimi nilifundishwa misheni kwamba kila kinachoingia kinywani mwa mtoto kichemshwe kwanza, na nimelea hivyo na sijazika mtoto, kwa hiyo Jumamosi moja Ida alipokwenda kwa shangazi yake akausahau waya dirishani, nikauona una vumbi, nikautia sufuriani kwa muda wa kuchemsha yai, na nilipoutoa kile kipande chekundu kilikuwa kimejikunja, nikakinyoosha kwa vidole kingali cha moto, nikadhani kimekaa sawa, nikaurudisha dirishani na kunyamaza.

Jioni akauvaa ukamchoma, kesho yake ufizi ukatoka damu, baba yake akautazama akaona umepinda, akamwuliza ameufanya nini, mtoto akapiga magoti akasema, "Baba, Alhamisi nilitafuna bisi nikiwa nao. Nisamehe." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mwiko mkononi, na mume wangu akasema mtoto asiyetunza kitu cha daktari haendi tena Makambako, atabaki na meno aliyopewa na Mungu. Tangu siku hiyo Ida anauvaa hivyo hivyo ulivyopinda, nikimwambia autoe anasema ni adhabu yake. Je, nimwambie mume wangu, au nimbembeleze tu aturuhusu kwenda, kwa kuwa daktari akitengeneza mwingine jambo litakwisha?

Mama mwenye majuto

*

Mama wa Ida,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliiweka chini nikaenda kunywa maji. Kuchemsha waya si dhambi. Ulifundishwa kuchemsha, ukachemsha, na hata mimi ningeutia sufuriani. Hakuna aliyekuambia kwamba kile kipande chekundu hulainika kikipata moto. Kwa hilo nakupa pole, tena pole ya kweli.

Lakini mtoto amepiga magoti mbele yako akaomba msamaha kwa kosa lako, na wewe umeshika mwiko. Hilo hukufundishwa misheni. Unasema daktari akitengeneza mwingine jambo litakwisha. Litakwisha kwako, mama. Ida atakua akijua kwamba aliharibu kitu kizuri alichopewa, na kila akijitazama kwenye kioo atakumbuka zile bisi. Kwa bisi mwonye, maana alikatazwa, lakini bisi hazipindi waya namna hiyo. Mficha uchi hazai, nawe umezaa wanne, kwa hiyo aibu si kitu kigeni kwako. Umepata kuishinda.

Leo hii mwambie mtoto autoe waya huo, asiuvae tena hata kidogo. Kidonda kile si adhabu ya Mungu. Asukutue kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, asubuhi na jioni. Waya wenyewe usiunyooshe, usiupashe moto, wala usimpelekee fundi baiskeli. Uoshe kwa maji baridi na sabuni kidogo, ufunge kwenye kitambaa, uende nao Makambako ulivyo, umwambie daktari mwenyewe kwamba uliuchemsha. Na ninyi wengine mlio na watoto likizoni, mmesikia: ni maji baridi na mswaki, na kikombe cha kuuwekea wakati wa kula, si dirishani.

Mume wako mwambie Ida akiwepo, si chumbani mkiwa wawili. Sema, "Ni mimi niliyeuchemsha, nikaogopa." Usianze na habari za darasa wala za misheni. Akikasirika, mwache akasirike, maana safari hii atamkasirikia mwenye kosa. Kisha muulize kama bado anaona mtoto asipelekwe kwa daktari. Mzee wa kanisa anajua haki ni nini, lakini hawezi kuitenda kwa habari asizopewa. Na kina mama unaowafundisha nao waambie, kwa kuwa wanachemsha kama wewe.

Jina lako nimelificha. Sufuria, bisi na tarehe ya daktari sikuweza kuvificha, kwa sababu bila hivyo nisingepata la kukujibu. Gazeti hili litafika Njombe Jumamosi, na mume wako akifikia ukurasa huu atamtambua binti yake. Ndiyo maana nimekutumia jibu hili kwa bahasha pia, likutangulie siku nne. Siku nne zinakutosha. Mtoto asije akalisikia mara ya kwanza baba yake akilisoma gazetini.

Bibi Vestina