Malipo ya Siku Moja ya Jembe

Kindu, Kasuku

Baba yangu,

Salaam aleikum. Kifua chako kinaendeleaje tangu mvua zianze? Na mama bado anakuficha tumbaku? Barua hii nampa mjomba Ramazani anayerudi Kibombo kwa baiskeli, pamoja na sabuni mbili na chumvi kidogo. Usishangae uchache wake. Tangu vita vifunge njia ya Bukavu, chumvi hapa inauzwa kwa kijiko, kama mlivyokuwa mkiinunua ninyi wakati ule tulipokimbilia porini, mimi nikiwa mgongoni mwa mama.

Uliniuliza kazi yangu ni nini hasa. Natembea na karatasi, Baba. Kila Jumanne naingia sokoni Kasuku kuuliza bei ya mchele, unga wa muhogo na mawese. Kisha nawauliza wanaouza esansi, yaani petroli, kwenye chupa kando ya barabara. Bei yao inaweza kupanda kati ya asubuhi na saa sita, na wenye pikipiki wanapandisha nauli hapo hapo. Mwisho naenda mashamba ya Mikelenge kuuliza vibarua wanalipwa nini kwa siku. Ofisi yetu inapeleka karatasi hizo kwa wakubwa wanaogawa mbegu, nao wanatazama ni wapi watu wamebanwa zaidi.

Huko Mikelenge yuko mjane mmoja, Mama Furaha, aliyekimbia vita upande wa Kabambare na watoto wanne. Analima shamba la mtu. Siku moja, miezi mitatu imepita, nilimuuliza kama kawaida, "Mama, leo wamekulipa ngapi?"

Akacheka. "Makuta? Faranga iliisha, mutoto wangu. Sasa wananipa muhogo. Mbili kubwa. Mvua ikinyesha mbele ya saa sita, moja."

Karatasi yangu ina nafasi ya faranga tu. Nikamuuliza shefu, mkubwa wangu wa kazi, niandike nini.

"Weka bei ya mwezi uliopita," akasema. "Muhogo haiingie mu kompyuta."

Nikaweka. Mwezi wa pili nikaweka tena, na wa tatu. Sikubishana naye. Kazi hii niliitafuta miaka miwili, unajua, na niliogopa.

Wiki iliyopita ilibandikwa orodha ya sehemu zitakazopewa mbegu. Mikelenge haikuwemo. Sababu niliisoma mwenyewe: malipo ya vibarua hayakushuka. Maneno hayo yalitoka mkononi mwangu.

Nilienda kumwambia Mama Furaha. Nilitamani anitukane. Alisimamisha jembe.

"Lakini nilikuwa nakuona unaandika," akasema. "Kila wiki unaandika. Nikajiambia, basi kuko muntu mumoja anajua."

Nikamwomba tuipeleke mihogo yake ya siku ile sokoni, tujue thamani yake. Aliibeba mwenyewe njia nzima, hakuniachia hata mmoja. Wauzaji watatu waliitazama, na bei waliyotaja haikufika nusu ya faranga nilizokuwa nikiandika.

Kesho yake wakubwa walikuwa na mkutano ofisini kwetu. Shefu alinikanyaga mguu chini ya meza, lakini nikasimama. Nikasema bei za kibarua za miezi mitatu si za kweli, na aliyeziandika ni mimi.

"Nani alikuambia uziandike?" mmoja akauliza.

Sikumtaja shefu. Kumtaja kungekuwa rahisi. Lakini hata yeye hakunishika mkono nilipokuwa naandika. Shefu akainamisha kichwa, kisha akasema polepole, "Ni mimi." Sikutegemea kusikia hilo.

Wakatuma watu wengine kuhakikisha, na juzi Mikelenge ikaongezwa kwenye orodha. Sisi wawili tumesimamishwa mwezi mzima bila mshahara, ndiyo maana mfuko wa mjomba ni mwepesi. Mnisamehe.

Baba, kuna jambo limenizuia kalamu tangu asubuhi. Mama Asha, jirani yetu, bado anakulimia mpunga kule bondeni? Nilipokuja mwaka jana nilikuona ukimpimia vikopo vya mchele uliovunjika, naye akapokea kwa mikono miwili, akaondoka. Sikuuliza kitu. Sikuvunjii heshima, shamba hilo ndilo lililonisomesha. Ila nakuomba, siku moja mketi chini umuulize kama anachopata kinamtosha, umwache aseme hadi amalize. Kisha uniandikie jibu lake kama alivyolisema, hata kama ni chungu.

Mama mwambie nguo aliyonishonea bado inanitosha. Nisalimie kaka yangu kwenye karakana yake ya baiskeli, na shangazi aliyenifundisha kusoma Kurani. Lakini kabla ya hao wote, nisalimie Mama Asha.

Ni mimi binti yako,
Salima