Namba Tasa

Ujerumani, 14 Machi 1992

Shangazi mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Mimi mzima, ila baridi inanitesa. Miguu yako imepona? Na mumeo, Mzee Mbonile, hajambo?

Uliuliza ninasoma nini hasa. Nyota kubwa ikifa hudidimia ndani yake yenyewe, hadi mahali ambapo hata muda unakwisha. Ukikaribia hapo kila kitu hutikisika ovyo. Sasa katika vurugu ile tunaona mpangilio, tena unafanana na wa namba tasa. Yaani ukifika mwisho wa vyote, unamkuta tasa! Nina furaha mno. Wasomee wote hapo nyumbani.

Kijana wako,
Beda

Mollo, 2 Juni 1992

Beda,

Milele amina, na marahaba. Miguu bado inauma.

Barua niliisoma mwenyewe kwa sauti, maana elimu ya watu wazima sikuisoma bure. Mama mkwe alikuwepo, na mawifi wote. Nilipofika kwenye hilo neno nikasita, wao wakadakia. Yule wifi mdogo akasema, hata mtoto aliyemlea mwenyewe anamjua alivyo. Wakacheka. Mume wangu akainuka, akatoka nje.

Wewe hukuwahi kunitamkia neno hilo. Nimekukosea nini?

Shangazi yako,
Dominika

Ujerumani, 1 Julai 1992

Shangazi, shikamoo.

Nisamehe. Shuleni ndivyo tulivyofundishwa kuziita namba zisizogawanyika: mbili, tatu, tano, saba. Nimelizoea neno hata silisikii tena. Na waliozipa jina hilo walikosea, kwa sababu namba nyingine zote hutokana na hizo. Sita imetoka kwa mbili na tatu. Waambie hivyo.

Ningependa kukuita mama, ukikubali.

Mwanao,
Beda

Ujerumani, 20 Novemba 1992

Shangazi, shikamoo.

Mbona kimya? Kama una hasira, niandikie hizo hasira.

Mwanao,
Beda

Matai, 9 Februari 1993

Beda, marahaba.

Barua zako zilikaa Mollo, nimeletewa juzi. Mimi siko kule tena. Baada ya mavuno mzee alileta mke mwingine, na mama mkwe akasema nyumba haitoshi. Nimepanga chumba hapa Matai, nauza mitumba. Siku hizi kila mtu anauza mitumba.

Hiyo ya sita nimeielewa. Ningemwambia nani, nao wameshacheka? Sikulaumu, lakini nimeumia, na sitakuficha.

Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiniita mama, nikakukataza kwa kumwogopa mama mkwe. Sasa sina wa kumwogopa.

Mama yako,
Dominika