Siku Nilipopitishwa Juu ya Lami ya Moto

Jumapili. Jua limetoka baada ya mvua ya alfajiri, na kilima chetu hapa Kakiika kinanuka migomba iliyolowa na lami mpya. Nimerudi nyumbani. Mtoto amelala kifuani, naandika kwa kidole gumba kimoja, kwa hiyo mkikuta makosa mniwie radhi.

Shajara yangu, mimi ni mtu wa kulalamika. Wanaonisoma humu mtandaoni wanajua. Nimelalamika juu ya mbu, juu ya mwenye nyumba, juu ya wateja wanaotaka nguo ya harusi iwe tayari jana. Leo nimekaa hapa tangu chai ya asubuhi natafuta la kulalamikia, nimekosa.

Nimeshangaa. Hilo tu ndilo ninalo.

Nianze na njia, maana bila njia hamtaelewa. Njia yetu si ya serikali. Ni ya gari moja tu, inaacha barabara kubwa kule chini na kupanda kilima, na nyumba zote za upande huu huitumia kwa pamoja. Mvua ikinyesha ilikuwa inageuka tope jekundu. Gari lilipanda likiteleza kurudi nyuma, bodaboda walikataa hata kujaribu. Ndiyo maana wenyeji wana kikundi cha bataka, watu wa kijiji, ambacho kazi yake ni kubeba. Mtu akizidiwa, wanaume wanaitana, wanashusha engozi, ile machela ya kusukwa kama kikapu kirefu iliyofungwa kwenye miti miwili, na wanampeleka mgonjwa chini mabegani. Kwetu Kivu tunaiita kipoyi. Mama yangu alishushwa nayo milimani akiwa na mimba yangu, kwa hiyo naweza kusema nimeipanda kabla sijazaliwa.

Sisi hatukuwa kwenye kikundi. Mimi na mume wangu Byamungu tumepanga chumba cha nyuma, nashona nguo barazani, yeye ni fundi wa matofali. Wapangaji wa vyumba vya nyuma hawahesabiwi. Hatukufukuzwa na mtu, sitaki kusema uongo. Hatukuitwa tu. Walipokubaliana kuweka lami na kila nyumba ikapewa sehemu yake ya mtaro wa kuchimba, Byamungu alitoka na jembe lake, akasimama njiani, na hakuna aliyemwambia achimbe wapi. Akarudi na jembe safi. Siku ile nilimwonea huruma nikashindwa kumwangalia.

Lakini lami yenyewe niliitaka kuliko wenye nyumba wote. Mkunga alikuwa ameniambia kwamba mtoto amekaa vibaya, ametanguliza matako, na huenda nikahitaji kupasuliwa. Uchungu ukianza, alisema, usingoje hata kidogo, njoo hospitali. Kusema ni rahisi. Yeye hakuwahi kupanda kilima chetu wakati wa mvua. Nilikuwa nalala nasikiliza bati, tone likilia tu moyo unanienda mbio. Niliomba kitu kimoja: njia iishe kabla mtoto hajaanza safari.

Mama akaja kutoka Kashojwa, kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kunisubiri nijifungue. Kwa kuwa mahindi yake yalikuwa yamekauka shambani, Byamungu akaenda kumvunia. Walibadilishana kama wachezaji wa mpira.

Mama alifika siku waliyoanza kumwaga. Walianzia juu, kwetu, wakishuka. Sijawahi kuona kitu kama kile, na nimeona mengi ambayo sikuomba kuyaona. Lori linarudi nyuma polepole, limefunikwa turubai kama mgonjwa wa homa. Linainua mgongo, na kile kitu cheusi kinateremka kikitoa moshi, kinang'aa, na watu wenye mabuti wanakikimbilia kwa reki kabla hakijapoa. Nyuma yao rola inakuja taratibu, magurudumu yake ya chuma yanalowanishwa maji yasinate, na inapopita moshi unalala na ardhi inakuwa laini.

Mama alisimama mlangoni, mikono kichwani.

"Mungu yangu! Hapa banapika barabara!"

Sijapata maneno bora kuliko hayo. Waliipika, na jioni ilikuwa nyeusi, safi, bado ina joto kidogo. Sasa, mtu wa bonde la Ruzizi akiona lami safi yenye joto, ana wazo moja tu. Kwetu lami ni ya magari katikati, na pembeni ni ya kuanikia mihogo. Mama alikuwa amekuja na gunia la mihogo iliyolowekwa. Kesho yake mapema, kabla sijafungua macho, alikuwa ameshaianika yote, imejipanga nyeupe kando ya njia kuanzia mlango wetu hadi kwa jirani, naye amekaa kwenye kigoda anafukuza kuku.

Rola ilikuwa inarudi kumalizia kingo. Dereva akafunga breki. Msimamizi wa kazi, mtu mrefu wa kutoka kaskazini anayeongea Kiswahili cha jeshini, akaja anatupa mikono.

"Mama! Toa hii muhogo! Rola nakuja!"

"Mwana yangu, hii fasi ni safi kuliko meza ya pasta," mama akamjibu kwa upole kabisa. "Nitaanika wapi tena?"

Rola ilingoja mama aokote kipande kimoja kimoja. Wafanyakazi walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mihogo yenyewe ilinuka mafuta ya taa. Mama alimtupia kuku wa mwenye nyumba kipande, kuku akageuza shingo.

Nilicheka sana. Nadhani nilicheka kupita kiasi, kwa sababu kabla ya saa sita chupa ya uzazi ilipasuka.

Wakati huo walikuwa wanamwaga sehemu ya chini, ile iliyobaki mpaka barabara kubwa. Magari yote ya kilimani yalikuwa yameshushwa kupisha kazi. Mama alikimbia nje akipiga kelele kwa Kibembe, lugha ambayo hakuna aliyeijua, na ilieleweka mara moja. Aliyekuja kwanza ni Mama Kenyangi, mwenyekiti wa kikundi cha kubeba, mjane mwenye ng'ombe na sauti ya tarumbeta. Hatukuwahi kuongea zaidi ya salamu. Akaniangalia, akaangalia chini ambako lori lilikuwa limeziba njia, akapiga simu teksi isubiri kwenye barabara kubwa.

Nilijua jinsi lami inavyotaka haraka. Ikipoa kabla ya kushindiliwa imekufa. Nilijua pia watu wa kilima hiki wameisubiri kwa miaka mingi, na mimi ni mpangaji wa chumba cha nyuma. Naandika hapa nilichowaza: wataniambia ningoje kidogo. Nilishajiandaa kuambiwa hivyo. Nilishaanza hata kuwaelewa.

Mama Kenyangi hakuniuliza kama mimi ni mwanachama. Alipiga ukelele mmoja.

Wakaja. Mwenye nyumba wangu, ambaye nimemsema vibaya humu mara ngapi, alikuja amevaa shati upande mmoja. Mwenye duka akaacha duka wazi. Wakashusha engozi darini, wakanilaza, wakaninyanyua, na mara nikawa natazama mbingu na ncha za migomba zikitembea. Miti ililia kidogo begani mwao. Kila nilipobanwa na uchungu walipunguza mwendo wote kwa pamoja bila kuambiana, na ulipoachia wakaongeza. Watu wale wamebebana maisha yao yote. Miguu yao inajua.

Sehemu ya juu tulipita vizuri, lami ilikuwa imeshapoa. Tulipofika kwenye ile ya moto wakasimama. Upande mmoja ni mtaro mpya, mrefu kwenda chini kuliko mtu. Upande wa pili ni ukingo uliochongwa, wenye seng'enge juu yake. Mbele yetu ni weusi mtupu unaofuka moshi, haujaguswa bado na rola. Wabebaji wangu walikuwa na kandambili. Mwenye duka alikuwa peku.

Msimamizi akaja mbio kutoka chini. "Gari hapana pita, itazama! Watu hapana pita na miguu hiyo, itaungua!"

Nikafumba macho. Nikasema moyoni, basi, ni hapa.

Kisha nikamsikia akigeuka na kuita watu wake, na sauti ilikuwa nyingine kabisa. "Nyinyi ya mabuti! Tupa reki! Kuja beba mama!"

"Na kazi?" mtu akauliza.

"Kazi itangoja. Mtoto hapana ngoja."

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Nilidhani nimeshashangaa jana yake lori lilipoinua mgongo. Sasa lori liliteremka kupisha, rola ikanyamaza. Reki zikaanguka. Watu ambao sijui majina yao, wa makabila ambayo sijui hata kuyataja, wakaingiza mabega yao chini ya miti mahali mabega ya majirani yalipotoka, na msimamizi mwenyewe akashika kona ya mbele. Wakanivusha juu ya lami ya moto.

Joto lilipanda kupitia kikapu mpaka mgongoni. Nilisikia mabuti yakizama na kunata, yakizama na kunata. Moshi ulipita pande zangu mbili, na harufu ilikuwa kali hadi machozi, au labda nilikuwa nalia kwa mengine. Nyuma, mama alikuwa amebaki ukingoni na majirani, anaimba wimbo wa kanisani kwa nguvu zote. Niliogopa sana. Pia, na sijui kama inaruhusiwa mtu kusema hivi, niliona uzuri. Niliona njia niliyoiombea ikiwa bado haijawa njia, na mimi niko juu yake, na hakuna hata mmoja wa walionibeba aliyekuwa na sababu ya kunibeba.

Teksi ilikuwa imefunguliwa mlango.

Yaliyofuata hospitalini ni ya madaktari. Walinipasua, wakamtoa msichana mwenye hasira, analia kabla ya kupigwa. Jina lake ni Marta. Wafanyakazi wa lami walituma ujumbe kwamba aitwe Lami. Mama akajibu kwamba ameisoma Biblia yote na Lami hayumo.

Jana Byamungu alikuja kutuchukua, mikono yake bado imechanwa na majani ya mahindi. Teksi ilipinda kutoka barabara kubwa na kupanda kilima chetu bila kunguruma, kama maji yanayopanda. Nilikuwa nimejiandaa kurukaruka na kushika tumbo, kumbe hakuna. Mahali pamoja tu, karibu na mtaro, gurudumu lilipiga kidogo. Dereva akalaumu mafundi. Pale ndipo lami ilipopoa ikitusubiri, na wakashindwa kuilainisha tena. Nilimwambia dereva aache kabisa kuwasema wale watu, kwa ukali mpaka Byamungu akanishika mkono.

Nimekuwa nikijiuliza tangu jana. Wenye njia wamepata kituta cha kudumu kwenye lami yao, na hakuna aliyekuja kunitazama kwa kijicho pembe. Mwenye nyumba alileta ndizi. Mwenye duka alileta sabuni, na miguu yake mizima. Mtu anapokeaje kitu kikubwa namna hii? Kwa asante? Nimesema asante kwa kila lugha ninayoijua, na kila ninapoisema inaonekana ndogo.

Leo baada ya ibada Mama Kenyangi alikuja na maziwa. Akamchukua Marta, akampima uzito kwa mkono kama ndama, akaridhika. Nikaanza tena asante zangu. Akanikata.

"Bambi, nyamaza. Webale imetosha." Webale ni asante ya kwao, na bambi ni neno lao la huruma.

Kisha akamgeukia Byamungu, aliyekuwa amesimama pembeni kama kawaida yake wenyeji wakija. Akamwambia kwamba ng'ambo ya bonde, nyuma ya kilima, ambako hakuna lami na labda haitakuwepo, kuna mzee ameanguka na kuvunjika nyonga. Asubuhi lazima ashushwe.

"Saa moja," akasema. "Wewe nashika mbele, uko na nguvu. Usichelewe."

Hakuuliza kama anaweza. Hakueleza. Akaacha maziwa, akaenda zake.

Byamungu alibaki amesimama katikati ya chumba. Nikamuuliza kama bega lake litaweza, kwa sababu wabebaji wale wana mwendo wao na yeye hajawahi. Alitoka nje, akaokota mti wa kuanikia nguo zangu, akauweka begani, na sasa hivi ninavyoandika namwona dirishani. Anapanda lami na kushuka, anapanda na kushuka, mti begani, anajifunza kwenda polepole.

Kesho ni zamu yetu.