Nitaonjaje Dagaa Gego Likitoka?

Mpendwa Shangazi Rhobi, shikamoo. Naomba unisaidie, maana nakuandikia nimeshika shavu kwa mkono mmoja na kalamu kwa mwingine, na hili nililonalo siwezi kumwambia mtu wa hapa Nyasho. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, nimeolewa, kazi yangu ni dagaa, navukaga kwenda kisiwa cha Rukuba mara mbili kwa wiki na akina mama wenzangu kununua, na wao wenyewe ndio walionipa kazi ya kuonja, kwa sababu dagaa wakianikwa chini wanabeba mchanga ambao jicho haliuoni, lakini mimi nikitafuna dagaa watatu wakavu hivi hivi naujua, hata chembe moja, naweza kukwambia hawa wameanikwa kwenye kichanja, hawa juu ya jiwe, hawa chini, na hakuna aliyenifundisha, Mungu tu alinipa, nikitikisa kichwa kukubali wote wananunua, nikitema wote wanaondoka.

Sasa Shangazi, tangu mwezi wa pili gego la mwisho huku chini kulia, lile wanaloliitaga jino la akili, limenitesa, fizi inavimba, inatoa usaha, inapoa, inarudi, siku nyingine mdomo haufunguki hata kijiko kupita, nimeweka karafuu, nimeweka chumvi, nimeweka mpaka ugoro, nimemeza vidonge vya rangi zote, ndipo mume wangu Eliud akanipakia kwenye pikipiki mpaka kwa daktari wa meno hapa mjini, wakanipiga picha. Jamani, Shangazi, ile picha! Nilijiona ndani ya taya langu mwenyewe nikiwa hai. Meno yote yamesimama kwenye mstari, na lile moja huko mwisho limelala ubavu ndani ya mfupa kama mtu aliyegeukia ukuta, kichwa kimesukuma gego la jirani, na chini ya mizizi yake kuna kamstari kembamba, daktari akasema hiyo ndiyo njia ya mshipa wa fahamu, ndio unaoleta habari za mdomo wa chini na kidevu, na jirani yake kuna mwingine wa ulimi ambao picha haiuonyeshi. Nikasahau maumivu. Nikawaza, yaani chembe ya mchanga wa Rukuba inapita hapa, kwenye kitu chembamba namna hii, mpaka ifike kichwani kwangu nijue? Nikatokwa machozi, daktari akadhani naumwa.

Halafu akasema linatakiwa kutoka kwa operesheni ndogo, ila hatanificha, mzizi umeukaribia mshipa, watu wachache hubaki na ganzi ya mdomo au ulimi kwa wiki kadhaa, na mmoja mmoja haiondoki kabisa. Hapo nikakwama, maana ulimi wangu ukifa mimi ni nani? Nikaenda Butiama kwa bibi yake Eliud, ana miaka tisini na kitu, meno yake ya mbele yalichongwa ncha enzi za usichana wake, bila ganzi, nikajua atanicheka. Hakucheka. Alinishika kidevu, akachungulia mdomoni, akasema, "Sisi tulichongwa mbele za watu, ndiyo maana hatukulia. Wewe mjukuu wangu unaumia mafichoni." Sikumwelewa, au nilimwelewa nikaogopa.

Kwa sababu kuna jingine, Shangazi. Tangu huo mwezi wa pili sijatafuna dagaa hata mmoja. Naweka mdomoni, namumunya, natema pembeni wasione, natikisa kichwa kukubali. Mwezi uliopita Naomi, yule anayesaga dagaa wa kuchanganya kwenye uji wa watoto kule Bunda, akapiga simu kwamba uji unakwaruza na watoto wanautema, na wenzangu waliponigeukia nikasema hao walikuwa dagaa wa Mary, na Mary ni mama wa kisiwani ambaye tangu nimfahamu hajawahi kuanika chini. Sasa hakuna anayesimama kwake. Niling'oe nipoteze mdomo, au nivumilie?

Wegesa, Nyasho

*

Wegesa, marahaba. Pole sana, uchungu wa jino hausimuliki.

Barua yako niliisoma mara mbili, nikavaa viatu nikaenda sokoni, maana sikukuamini. Nikanunua kisado cha dagaa, nikasimama pale pale nikatafuna watatu wakavu kama ulivyosema. Sikusikia chochote zaidi ya dagaa. Nikaongeza watano. Muuzaji akaniuliza, "Mama, hujala tangu asubuhi?" Nikampa mmoja mama mtu mzima aliyekaa meza ya pili. Akatafuna, akatema, akasema, "Mchanga huo," akaendelea na kazi yake. Nilibaki kinywa wazi! Nina miaka hamsini na saba, nimekula dagaa tangu nilipoota meno, na sikujua binadamu anaweza hivyo. Ulichopewa ni kikubwa, na sikucheki hata kidogo kwa kukiogopea.

Lakini nitakugombeza. Ugoro kwenye fizi yenye usaha! Hivi wewe una akili timamu? Na hivyo vidonge vya kubahatisha acha leo leo. Usaha wa taya unaweza kushuka shingoni ukakuziba pumzi, watu wamekufa kwa jino, mwanangu. Ukiona uvimbe unashuka chini ya kidevu, au homa imepanda, au mate hayamezeki, usingoje kesho, mwambie Eliud akupeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Unauliza kama utapoteza mdomo. Mdomo upi? Tangu mwezi wa pili hujaonja! Daktari amekwambia habari za wachache, mimi nakwambia zako: hilo gego limeshakunyang'anya kazi, limekuachia kutikisa kichwa tu. Lingekuwa limetulia, haliumi wala halivimbi, ningekwambia umuulize daktari kama linaweza kuachwa. Lako litoke.

Rudi kwa daktari yule yule, aliyekwambia ukweli mchungu ndiye wa kumwamini. Mweleze kazi unayoifanya kwa mdomo wako, yote, kama ulivyonieleza mimi. Muulize kama kuna picha inayoonyesha vizuri zaidi, na kama anaweza kukata kichwa cha jino akauacha ule mzizi ulio karibu na mshipa. Akisema hilo limemzidi, akuandikie barua uende kwa bingwa. Usaha utibiwe kwanza. Na ukishatoka huko, usirudi kuonja mpaka akuruhusu, hata wenzako wakubembeleze vipi.

Bibi wa Butiama alikuona. Wenzake walikuwa wamemzunguka siku ile ya kuchongwa, na wewe umejifungia na maumivu yako kama mwizi. Umeficha jino, ukaficha kwamba huonji, na ulipobanwa ukamtupia Mary. Hilo la Mary limenikasirisha kuliko ugoro. Mwanamke anaanika dagaa safi, watu wanampita.

Kwa hiyo operesheni ni ya pili. Ya kwanza iko Rukuba. Safari ijayo, wenzako wote wakiwepo, waambie kwamba hujaonja tangu mwezi wa pili na dagaa waliokwaruza ni makosa yako. Naomi mpigie simu mwenyewe. Kisha nendeni kwa Mary, wewe ukitangulia. Usingoje shavu lipungue, akuone hivyo hivyo. Muombe radhi mbele ya hao hao uliomsingizia mbele yao, na dagaa wake aonje mwingine. Atakufoka, na ana haki. Wewe kaa kimya umsikilize mpaka amalize, tena safari hii hutashindwa, si umesema mdomo haufunguki.

Shangazi Rhobi