Baraza Lisilokaliwa la Jeddah

Dada Zuhura,

Pokea salamu za jua la Jeddah. Nimemleta bosi kutoka Riyadh, na dereva kama mimi hasubiri garini, huzuru mji kama balozi. Nikaingia mji wa kale: nyumba za mawe ya matumbawe, milango ya nakshi, Lamu tupu. Nikaona baraza nje ya nyumba, nikakaa, kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri.

Mlinzi, kijana wa Eldoret, akanijia mbio. "Buda, toka hapo. Hiyo ni ya historia."

"Kwani historia haikaliwi?"

"Bosi akiona, halas, kwisha, napandishwa ndege nirudishwe nyumbani."

Nikainuka kwa kumhurumia yeye tu, nikampa na maji yangu. Lakini hasira ninayo mpaka sasa. Baraza zima limepakwa chokaa likang'aa, na hakuna wa kulikalia.

Nawe huko wataka kuvunja la marehemu bibi, lenye watu, kahawa na mchezo wa keram kila jioni, uweke duka la simu? Mwambie fundi aondoe nyundo yake. Duka nitakutafutia mimi, nina marafiki kila mtaa. Nikirudi nataka kukaa pale mpaka nichoke mwenyewe.

Wabusu wanangu hao wako. Mungu awatunze nyote.

Kakako, Athmani