Dawa ya Macho ya Mama Kioko

Mjini Salama, Jumapili

Mama Kioko wangu,

Huko nyumbani Nuu mmepata mvua? Hapa tunavunja mawe ya barabara, tunakula vumbi. Barua yako imenichoma. Eti Musyoka wa kwaya anakushika kidevu asubuhi na jioni akutilie dawa ya presha ya macho!

Leo hotelini nimeona mzee amelala chali kwenye benchi, akavuta kope ya chini, akajidondoshea dawa kama yako. Nikamwuliza, “Mzee, mama hayuko nyumbani akutilie?”

“Yuko. Mkono wake unatetemeka, unaninywesha dawa!”

Jaribu hivyo. Musyoka abaki na nyimbo zake. Lakini tone likikosa jicho, mwite tu, hata kama nitaumia. Nikirudi Krismasi nataka unione.

Ni mimi mwenye wivu,
Baba Kioko