Macho Niliyoyainamisha Mwenyewe

Jumanne, mwezi wa tatu. Mvua ya asubuhi imekatika, Buhongwa yote ni tope, na mimi sijagusa cherehani tangu nirudi hospitali. Kuna gauni la mteja lina mkono mmoja tu. Litasubiri.

Naandika kwa sababu nimelia na haikunisaidia.

Milembe hasikii. Binti yangu, miaka mitano na nusu, hasikii. Si kwamba hasikii kabisa, maana pikipiki ikipita hugeuka, na radi humshtua hadi aruke, na hayo ndiyo yaliyonidanganya muda wote huu. Nilikuwa najisemea kwamba mtoto anayeshtushwa na radi masikio yake ni mazima, huyu ananipuuza tu. Nikimwita mara tatu haitiki, namwita jeuri.

Sasa niandike jambo ambalo sijamwambia mtu, hata baba yake.

Desemba tulikwenda Nansio kwa mama mkwe. Mimi ni mtu wa adabu, tena najivunia, na kwetu mtoto wa kike akimsalimia mkubwa hupiga magoti na kuangalia chini. Milembe alipiga magoti vizuri, akatoa shikamoo yake ya nusunusu, kisha akamkazia bibi yake macho mdomoni. Bibi anaongea, yeye anamtazama midomo bila kupepesa. Mama mkwe hakugomba. Alisema tu, mbele ya mawifi zangu wote: "Mama Milembe, huyu mtoto mbona ana macho makavu hivi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Tulipopanda meli kurudi Mwanza nilikuwa nimeshaamua kwamba mtoto huyu atanyooka.

Akanyooka kweli. Januari na Februari nilikuwa na kazi hiyo moja. Mkubwa akiongea nawe, macho chini. Akiyainua, namfinya mkono wa juu, upande wa ndani, pale panapouma na hapaonekani. Kumfokea niliacha zamani kwa sababu niliona hakumwingii, na wala sikujiuliza kwa nini hakumwingii. Majirani wakaanza kumsifia. Mama mmoja wa Mkuyuni anayeniletea vitenge alisema anatamani wajukuu zake wangekuwa hivyo. Jamani, nilifurahi. Nilifurahi hadi nikamshonea Milembe gauni jipya.

Wakati huohuo alikuwa ananyamaza. Maneno machache aliyokuwa nayo yakapungua, na mimi nikaita huo utulivu. Mwalimu wake wa chekechea ndiye aliyeniita. Aliniambia Milembe wa mwaka jana alikuwa anafuata, hata kama kwa kuchelewa, lakini huyu wa sasa anakaa ameinamisha kichwa hadi mwenzake amguse bega. Akanishauri nimpeleke akapimwe masikio. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia mtoto wangu si kiziwi, amelelewa tu. Nikakaa na hasira hiyo wiki mbili nzima ndipo nikaenda, leo.

Chumba cha kupimia ni kidogo, kuta zimefunikwa sponji. Dada anayepima, msichana mpole mwenye subira kunizidi, alimvalisha Milembe hedifoni kubwa, akampa vifuniko vya chupa za soda na ndoo. Akamwonyesha kwa vitendo: ukisikia mlio, tumbukiza kimoja. Nilikaa kwenye kona. Mtoto ameshika kifuniko juu ya ndoo, anasubiri. Kila dada alipobonyeza, taa ndogo iliwaka kwenye mashine, na mimi moyoni nasema tumbukiza, mwanangu, tumbukiza. Hatumbukizi. Mlio ulipokuwa mkubwa hadi mimi mwenyewe nikausikia ukivuja nje, ndipo kifuniko kikaanguka. Akatabasamu, huku anaangalia sakafu.

Kisha dada akachuchumaa mbele yake, akamwinua uso taratibu, akamwambia alete mpira. Milembe akauleta. Dada akafunika mdomo wake mwenyewe kwa faili, akamwambia alete kikombe. Milembe akasimama palepale. Dada akaondoa faili, akarudia maneno yaleyale, na kikombe kikaja.

Aliniuliza kama mtoto aliwahi kuugua sana. Nikamsimulia ile homa ya kabla hajatimiza miaka mitatu, tulivyolazwa, alivyopata degedege. Akasema huenda yalianzia hapo, na kilichopotea hakitarudi, ila vifaa vya kusaidia kusikia vitamfaa na maneno yanaweza kurudi tukianza sasa. Akachukua umbo la masikio yake kwa kitu laini kama donge la unga wa ngano, ili vifaa vimkae sawasawa. Turudi baada ya wiki mbili. Nilikuwa naitikia tu.

Tulipofika mlangoni akaniambia: "Mama, huyu mtoto alijifundisha mwenyewe kusoma midomo. Ana akili sana. Ila mbona anaogopa kumwangalia mtu? Kuna kitu kilimtisha?"

Nikasema ni aibu za kitoto.

Ndivyo nilivyomjibu.

Mtoto wangu alitafuta namna ya kutuelewa, akaipata peke yake, bila mtu kumsaidia, na mimi nikamfinya hadi akaiacha. Siwezi kuliandika jambo hili kwa upole zaidi ya hivyo. Njia nzima nilijaribu kumlaumu mama mkwe, na nusura nimpigie simu. Lakini yeye alisema mara moja tu, na vidole vilikuwa vyangu.

Tulipofika nyumbani nilimweka Milembe kwenye kigoda, nikakaa sakafuni mbele yake ili nyuso zetu zilingane. Alipoona nimekuja karibu namna ile akateremka upesi, akapiga magoti, akaangalia chini. Na mkono wake wa kulia, ule ninaoufinya, akaubana ubavuni kwa nguvu.

Nilimshika kidevu nikamwinua uso. Macho yakabaki chini. Nikamwambia nisamehe, mama. Nisamehe, mwanangu. Nilisema polepole, nikaichezesha midomo kama nilivyomwona yule dada akifanya, nikarudia tena na tena. Alisubiri kwa adabu hadi nilipomaliza.

Hakuliona hata neno moja.

Kesho nitakaa tena pale sakafuni nianze upya. Ila nitamwambiaje kwamba sasa anaruhusiwa kuniangalia, wakati haniangalii?